Sindano ya kila siku 28

Watu wa nyumbani wakinipigia simu huuliza mshahara. Mimi natamani waniulize kuhusu sindano. Ni mwaka wa sita sasa niko Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, nikiwa muuguzi kwenye vijiji vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii.

Mtoto akiugua tonsesi asitibiwe, anaweza kupata homa ya baridi yabisi, nayo ikijirudia inaharibu vali za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu. Kinga isijirudie ni penisilini ya kuchoma kila siku 28, kwa miaka, wengine hadi wavuke miaka 21. Wazungu wa mijini huku wameshausahau ugonjwa huu. Kwa Waaborijini ni miongoni mwa viwango vikubwa kabisa vilivyowahi kupimwa duniani.

Dawa haikosekani. Sindano inakuja imeshajazwa, inakaa kwenye friji, naishika kiganjani ipungue ubaridi kwa sababu ni nzito, nyeupe kama maziwa, na inauma kweli. Kwetu Manyoni, Tanzania, tulikoroga unga wa dawa na maji, sindano inaziba ikiwa tayari imo pajani mwa mtoto, unaanza upya naye analia. Huku Australia, hata mvua zikifunga barabara, ndege ndogo inatua na dawa.

Na bado watoto wanaugua! Nimeingia nyumba ya vyumba vitatu wanamolala watu kumi na watano, bomba la bafuni limekufa miezi, pa kufulia mashuka hapana. Tunamchoma mtoto, tunamrudisha kwenye godoro lilelile, kwenye msongamano uleule unaoeneza vijidudu vya tonsesi. Nchi tajiri hivi haina udhuru kwa bomba bovu.

Lakini kwetu nako nina uchungu. Mtoto wa baba yangu mdogo alichomwa miaka miwili, akahamia Dodoma kusoma, daftari lake likapotea, hakuna aliyemtafuta. Alipofikishwa Dar, vali ilikuwa ya kubadilishwa. Dawa ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia, "Siku yako imefika."

Huku mtu huyo ni mama mmoja Mwaborijini, mhudumu wa afya. Asubuhi anazunguka na gari akiwaita watoto kwa lugha yao. Anajua nani kalala kwa shangazi yake, nani kaenda kuvua. Alipokuwa msibani wiki mbili, mimi na rejista yangu tuliwapata watoto wachache mno.

Akina mama wa namna hiyo Tanzania tunao, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wengi wakifanya kwa kujitolea. Wapewe orodha ya watoto wenye sindano za mwezi, simu yenye vocha, na mshahara unaoeleweka.