Homa ya ini ndani ya rejista ya VVU: ni safu zipi ziungane?

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mkakati mmoja wa kufikia 2030 unaobeba kwa pamoja VVU, homa ya ini ya virusi na magonjwa ya zinaa. Mantiki yake haina utata. Virusi hivi huambukizwa kwa njia zinazokaribiana, hupimwa kwenye maabara zilezile, na wakati mwingine hukutana ndani ya mwili mmoja. Ugumu unaanza pale mkakati unapomfikia anayejaza rejista. Je, takwimu za homa ya ini ziingizwe kwenye mfumo wa VVU ambao tayari unafanya kazi, au zijengewe wa kwake?

Hoja ya kuunganisha inasukumwa kwanza na pengo lenyewe. Mwaka 2023 watu milioni 39.9 walikuwa wakiishi na VVU, na asilimia 86 kati yao walikuwa wanajua hali zao. Kwa homa ya ini B, makadirio ya 2022 ni watu milioni 254, na waliokwisha kutambuliwa ni asilimia 13 tu. Waliopata dawa hawafiki hata asilimia 4. Homa ya ini C ina watu milioni 50, na asilimia 36 ndio waliotambuliwa. Vifo navyo: homa ya ini iliua watu milioni 1.3 mwaka 2022, karibu mara mbili ya vifo vinavyotokana na UKIMWI kwa mwaka. Ugonjwa unaoua zaidi ndio wenye madaftari membamba. Upande wa VVU una namba za utambulisho za wagonjwa, makarani, mashine za kupima wingi wa virusi na taarifa za kila mwezi zinazopanda kutoka kituoni hadi wizarani. Anayesema tutumie kilichopo ana haki ya kusikilizwa.

Ila mimi naona hoja nzito zaidi iko kwenye dirisha la dawa kuliko kwenye gharama. Tenofovir, dawa iliyo ndani ya vidonge vya ARV vya watu wengi, inafubaza pia kirusi cha homa ya ini B. Mtu mwenye virusi vyote viwili anatibiwa magonjwa mawili kwa kidonge kimoja, mara nyingi bila yeye wala mhudumu kulitambua hilo. Tatizo linajitokeza siku dawa inapobadilishwa. Daktari anaona wingi wa VVU umepanda, anamhamishia kwenye mchanganyiko usio na tenofovir, na kwa upande wa VVU uamuzi wake unaeleweka. Majibu ya homa ya ini ya mgonjwa huyo yako kwenye daftari lingine, labda la kliniki ya wajawazito, labda la benki ya damu. Kirusi cha B kilichokuwa kimetulizwa kinaamka, na ini linaweza kuvimba kwa kiwango cha kuua.

Hatari hiyo inazidi sasa, kwa sababu dawa mpya za sindano zinaingia. Julai 2025 WHO ilipendekeza sindano za cabotegravir pamoja na rilpivirine kwa watu ambao VVU vyao vimeshafubazwa, kwa sharti kwamba wasiwe na maambukizi hai ya homa ya ini B, kwa kuwa sindano hizo hazikigusi kirusi hicho. Kwenye kinga mambo ni yaleyale. Anayemeza vidonge vya PrEP (dawa za kumkinga asiye na VVU asiambukizwe) vyenye tenofovir kisha akahamia sindano anaweza kuwa ameacha, pasipo kujua, tiba ya ugonjwa ambao hakuwahi kuambiwa kuwa anao. Sharti la namna hii halitekelezeki ikiwa faili la VVU halina safu ya homa ya ini B, au inayo lakini imeachwa wazi. Kwa hiyo kwa mgonjwa mwenye virusi viwili, kuunganisha taarifa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Upande wa pili nao una uzito wake, na unaanza na hesabu ambayo hutajwa kwa nadra kwenye vikao vya mipango. Kati ya watu wote wenye homa ya ini B, wanaokadiriwa kuwa na VVU pia ni asilimia 1 hivi. Wale wengine wote hawana sababu ya kukanyaga kliniki ya VVU. Mfumo wa VVU hata ukiboreshwa vipi, utamwona mmoja katika mia. Wengine wanapatikana kwingine: kwa mama mjamzito anayepimwa, kwa mchangia damu, kwenye chanjo ya mtoto mchanga ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na mwisho kabisa kwenye wodi ya saratani ya ini. (Benki ya damu, kwa njia, hupima VVU, homa ya ini B na C kwenye chupa ileile ya damu. Kama kuna mahali muungano huu umekuwepo muda wote bila mkakati wa mtu yeyote, ni pale. Majibu yake ndiyo hukaa palepale.)

Kisha kuna namna rejista ya VVU inavyofikiri. Imejengwa juu ya swali moja: aliyekutwa na virusi yuko kwenye dawa, na bado anarudi? Kwa VVU swali hilo linatosha, kwani kila aliyeambukizwa anastahili dawa na dawa ni ya maisha. Lipeleke kwenye homa ya ini C uone linavyoharibika. Mgonjwa anameza vidonge kwa wiki 12, anapimwa tena wiki 12 baada ya kumaliza, kirusi hakipo. Amepona. Anaenda zake nyumbani, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Rejista iliyorithiwa kutoka VVU haina safu ya kupona. Inasubiri arudi kuchukua dawa, harudi, na baada ya muda inamwandika kuwa amepotea kwenye huduma. Kituo kinachoponya watu wengi kinaonekana kwenye taarifa kama kituo kinachopoteza watu wengi.

Haliishii hapo. Kingamwili za homa ya ini C, yaani chembe ambazo mwili huzitengeneza kupambana na kirusi, hubaki kwenye damu hata baada ya kupona. Mtu huyohuyo akienda kuchangia damu miaka mitatu baadaye, kipimo cha haraka kitasoma chanya. Bila kipimo cha kirusi chenyewe, na bila namba inayomwunganisha na faili lake la zamani, anahesabiwa kama mgonjwa mpya. Ameshaingia kwenye takwimu mara mbili: mara moja kama aliyepotea, mara nyingine kama maambukizi mapya. Yeye ni mzima.

Homa ya ini B ina kasoro yake tofauti. Kipimo kimoja chanya hakitoshi kusema maambukizi ni sugu. Kwa kawaida huhitaji kirusi kionekane kuwa kimedumu zaidi ya miezi sita. Wala si kila mwenye maambukizi sugu huanzishiwa dawa, ingawa mwongozo wa WHO wa Machi 2024 ulipanua sana kundi la wanaostahili. Kwa hiyo mgonjwa anayefuatiliwa vizuri, anayepimwa ini kila mwaka bila dawa, ataonekana kwenye mfumo wa VVU kama pengo la matibabu. Wahudumu ambao kazi yao hupimwa kwa viashiria hivyo hujua pa kupunguzia pengo: humwanzishia dawa hata asiyezihitaji bado, au humwacha bila kumwandikisha.

Usiri ni suala linalopitwa haraka mno. Kliniki ya VVU hubeba unyanyapaa, na mtu mwenye homa ya ini anayeambiwa faili lake litafunguliwa huko anaweza kutorudi. Januari 2019 Singapore ilitangaza kuwa taarifa za watu 14,200 wenye VVU zilivujishwa kwenye intaneti kutoka kwenye rejista ya taifa. Kadiri kanzidata inavyobeba mengi kumhusu mtu mmoja, ndivyo uvujaji mmoja unavyomwumiza zaidi. Hilo halibatilishi muungano, ila linadai kwamba karani wa homa ya ini asiweze kufungua ukurasa wa VVU, na kwamba mfumo uandike nani alifungua nini.

Wanaotaka homa ya ini iwe na mfumo wa peke yake huitolea mfano Misri. Nchi hiyo ilipima watu milioni 60 na kutibu zaidi ya milioni 4 wa homa ya ini C, na Oktoba 2023 ikawa ya kwanza kupewa na WHO hadhi ya dhahabu katika njia ya kuutokomeza ugonjwa huo. Ni mfano halali, lakini usinunuliwe bila kuangalia ndani. Misri ina VVU kidogo na ilikuwa na homa ya ini C nyingi mno, na dola yenyewe iliubeba mpango. Nchi yenye hali ya kinyume haiwezi kunakili rejista na kutegemea matokeo yaleyale.

Fedha nazo zinavuta pande zote mbili. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, programu za VVU katika nchi kadhaa zilipoteza wafanyakazi, makarani wa takwimu wakiwemo. Mmoja atasema hapo hakuna tena pesa ya kuendesha mifumo miwili. Mwingine atajibu kwamba kuifunga homa ya ini kwenye mfumo unaolipwa na mfadhili mmoja ni kuifanya izame na chombo hichohicho. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana nisingeanza kwa kubishania jina la mfumo.

Ningeunganisha mtu, maabara na dirisha la dawa: namba moja ya utambulisho, majibu ya maabara yanayomfuata mgonjwa popote, na onyo linalojitokeza kabla tenofovir haijaondolewa kwa mtu ambaye hali yake ya homa ya ini B haijulikani. Viashiria ningeviacha mbalimbali. Homa ya ini C iwe na safu ya aliyepona, B iwe na safu ya anayefuatiliwa bila dawa, na taarifa za saratani ya ini zisomwe na programu ya homa ya ini hata kama hakuna VVU popote kwenye faili. Mwongozo wa WHO wa takwimu za homa ya ini uliotoka 2024 unampa mtu pa kuanzia, kwa kuwa umeandikwa ukimfuata mgonjwa kuliko programu. Ila safu mpya inahitaji mtu wa kuijaza, na karani anayejaza leo analipwa kwa fungu la VVU, akiwa na saa zilezile za kazi na madaftari zaidi mezani. Wizara inayotaka safu hizo ianze kwa kumwingiza karani huyo kwenye bajeti yake yenyewe; mabadiliko ya programu ya kompyuta yanaweza kusubiri robo mwaka.