Kicheko hakijibu hoja: mjadala wa mwezini katika kijiwe cha Mtwara

Katika kijiwe kimoja cha kahawa huku Shangani, hapa Mtwara, kijana alishikilia kwamba Wamarekani hawakufika mwezini mwaka 1969, kwa kuwa bendera yao inaonekana ikipepea mahali pasipo na upepo. Mvuvi mmoja wa makamo akamuuliza: “Mwanangu, kama siri hiyo imefichwa dunia nzima, wewe umeipataje hapa Shangani?” Watu wakaangua kicheko, na mjadala ukafia hapo.

Nasikitika kwamba ulifia hapo, kwa sababu ndani ya utani ule mlikuwa na hoja nzito. Umoja wa Kisovieti, uliokuwa ukishindana na Marekani kufika mwezini, ndio ungekuwa wa kwanza kuuanika uongo huo kama ungekuwapo, na haukufanya hivyo. Bendera yenyewe ilitandazwa kwa fimbo iliyopitishwa kwenye upindo wake wa juu, na ilitikisika wanaanga walipokuwa wakiisimika. Awali, kijana alipotajiwa kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa kutoka mwezini na safari sita za Wamarekani zilizoitwa Apollo, alijibu kwamba wanasayansi wote wamehongwa. Hapo ndipo mantiki inapovunjika: ushahidi ukikosekana, basi umefichwa, ukipatikana, basi umeghushiwa. Dai lililojengwa hivyo haliwezi kushindwa na jambo lolote, na kwa hiyo halijapimwa hata mara moja, ingawa mwenye nalo huiona hali hiyo kuwa ndiyo nguvu yake.

Hata hivyo, waliocheka nao walikosea, na kwangu kosa lao si dogo. Kumwita mtu mjinga hakuthibitishi kwamba alilolisema ni uongo. Watu wa Mtwara walipohoji mwaka 2013 ni faida gani itabaki mkoani gesi ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, swali hilo lilikuwa halali, na kejeli isingekuwa jibu lake. Tena, anayesema kwamba serikali haziwezi kula njama hajasoma historia. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, maofisa wa afya wa serikali ya Marekani waliwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo.

Lakini kisa cha Tuskegee hakimsaidii kijana wetu kama anavyodhani, kwa maana njama moja kuwa kweli hakuifanyi nyingine kuwa kweli. Njama ile ilifichuka kwa sababu Peter Buxtun, aliyewahi kufanya kazi katika idara hiyohiyo ya afya, aliwapa waandishi wa habari taarifa zake. Angeulizwa swali la mvuvi, umeipataje, angekuwa na jibu la kuonyesha. Kijana wa Shangani alikuwa na video fupi katika simu yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba aifungue tuitazame pamoja.