Marudio ya Video Katika Besiboli: Yabaki, Lakini Simu Iondolewe

Anayetaka kubishana kuhusu marudio ya video katika besiboli ni lazima aanzie Detroit, usiku wa tarehe 2 Juni 2010. Armando Galarraga, mrushaji kutoka Venezuela aliyekuwa akiichezea Detroit Tigers, alikuwa amekwisha kuwatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo, bila hata mmoja wao kufika salama kituo cha kwanza, ambacho mpigaji hukikimbilia akishapiga mpira. Kama angemtoa na wa 27, angekuwa ametimiza kile Wamarekani wanachokiita mchezo mkamilifu, jambo ambalo katika historia yote ndefu ya ligi yao kuu lilikuwa limetokea mara 20 tu. Mpigaji huyo wa 27, Jason Donald, akapiga mpira wa chini, Miguel Cabrera akaudaka na kumrushia Galarraga aliyekuwa amekimbilia kituoni, na mpira ukaingia kwenye glavu wakati Donald akiwa bado nyuma kwa hatua nzima, kwa hiyo alipaswa kutolewa. Mwamuzi Jim Joyce akafungua mikono yake yote miwili: salama.

Watazamaji waliokuwa majumbani waliliona kosa hilo ndani ya sekunde chache, ilhali mtu pekee aliyekuwa na mamlaka ya kulirekebisha hakuruhusiwa kuitazama picha hiyo. Kanuni ya marudio ilikuwapo tangu Agosti 2008, lakini ilihusu mipira inayopigwa hadi kwenye uzio au kuuvuka, basi. Joyce aliitazama video baada ya mchezo kwisha, akakiri kosa lake hadharani na kumwomba radhi Galarraga. Kesho yake, Galarraga alipomkabidhi karatasi ya majina ya wachezaji kabla ya mchezo, mwamuzi huyo alikuwa akibubujikwa na machozi. Kamishna Bud Selig alikataa kuubadilisha uamuzi ule.

Wapo wanaosema kwamba makosa ya mwamuzi ni sehemu ya mchezo na kwamba ubishi wa makocha ulikuwa na ladha yake. Ladha hiyo siikatai, kwa maana kocha aliyekasirika akipiga teke vumbi mbele ya mwamuzi alikuwa burudani tosha. Lakini hoja hiyo humsahau mwamuzi mwenyewe. Katika mchezo wa sita wa fainali za mwaka 1985, Don Denkinger alimwita Jorge Orta wa Kansas City salama katika kituo cha kwanza, ingawa mpira ulikuwa umetangulia; wapinzani wao St. Louis, waliokuwa wakiongoza 1-0 na kubakiza nusu ya awamu tu kutwaa ubingwa, wakapoteza mchezo huo na kisha fainali yenyewe, na Denkinger akaandamwa na vitisho vya kuuawa. Video ingemwokoa yeye kabla ya kuwaokoa St. Louis.

Sisi tuliolelewa na kandanda, tukisikia habari za video, hukumbuka mara moja VAR na yale mabao ambayo mtu anaogopa kuyashangilia mpaka mwamuzi atakapoondoa mkono sikioni. Malalamiko hayo ni ya haki kwa kandanda, ambayo ni mchezo wa mtiririko. Besiboli haiko hivyo, kwani husimama yenyewe baada ya kila mrusho, na tukio kama lile la Donald linapokwisha huwa hakuna kinachoendelea ambacho ukaguzi utakikatiza. Kwa sababu hiyo naamini kwamba uamuzi wa kupanua marudio kuanzia msimu wa 2014, ambapo kocha mkuu anaweza kuupinga uamuzi na waamuzi walioko New York wakaukagua na kutoa jibu la mwisho, ulikuwa sahihi, tena ulichelewa.

Kinachonikera ni jinsi haki hiyo inavyotumiwa. Chukua mchezaji anayeiba kituo cha pili, yaani anayekikimbilia bila kusubiri mpira upigwe: anateleza chini, mguu wake unafika kabla ya mpira, na kila mtu uwanjani ameona kwamba amewahi. Lakini anapoinuka kwa kasi ileile aliyokuja nayo, kiatu chake kinaachana na kituo kwa kitambo ambacho jicho halikioni, na mlinzi, ambaye siku hizi amefundishwa kutoiondoa glavu yake yenye mpira mwilini mwa mkimbiaji, bado anamgusa. Kamera inaonyesha mwanga mwembamba kati ya kiatu na kituo, na mkimbiaji anatolewa. Ni kweli kwamba kanuni inasema asiyegusa kituo anaweza kutolewa, ila kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu wenye macho, na hakuna aliyedai video ili kuwasaka wakimbiaji wa namna hii.

Chanzo cha tatizo ni simu. Kocha huinua mkono kuwaomba waamuzi wasubiri, msaidizi wake anazungumza na mtu aliyeketi mbele ya skrini, na ombi hutolewa baada ya mtu huyo kuona kwamba kuna faida. Kwa hiyo anayeomba si aliyehisi kuonewa, bali aliyebahatika kukuta kasoro kwenye picha.

Utaratibu mpya wa kupinga straiki, yaani uamuzi wa mwamuzi kama mrusho umepita katika eneo halali mbele ya mpigaji au la, ulioidhinishwa Septemba 2025 kwa ajili ya msimu wa 2026, umeliepuka tatizo hilo kwa namna inayonivutia. Mpigaji, mrushaji au mdakaji ndiye pekee anayeweza kupinga, tena papo hapo, kwa kugusa kofia yake na bila msaada wa yeyote aliye benchini; kamera zinaonyesha mpira ulipopita, jibu linatokea kwenye ubao wa uwanja, na mchezo unaendelea. Kila timu huanza na nafasi mbili, na anayekosea huipotezea timu yake nafasi moja.

Ningependa utaratibu huo uhamishiwe na kwenye vituo. Galarraga asingehitaji skrini ya mtu yeyote, kwa kuwa mpira ulikuwa mkononi mwake na mguu wake ulikuwa juu ya kituo, angegusa kofia. Mlinzi wa kituo cha pili, kwa upande wake, ni mara chache atakapoweza kuhisi kiatu kilichoinuka kwa unene wa karatasi, na akitaka kubahatisha, abahatishe kwa gharama ya timu yake.