Mdomo wa Mazembe, Sahani ya Lupopo

Mimi ni mtu wa Mazembe, timu ya soka ya hapa Lubumbashi, na nikianza habari za Desemba 2010 sijui kufunga mdomo.

Siku moja, kwenye labo yetu, tulikuwa tunapima amilasi, kile kimeng'enya cha mate kinachoanza kuvunja bukari (ugali wetu) kabla haijafika tumboni. Sahani ya plastiki, visima 96, kila kimoja kimepakwa chini kingamwili za kunasa amilasi ya binadamu. Bei ya seti ile shefu aliitaja mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni.

Joto likanifanya nishushe barakoa kidevuni. Nimeshika pipeti, Yaya, shabiki sugu wa Lupopo, mahasimu wetu wa mji huu huu, akaniuliza eti Mazembe imewahi kufanya nini. Akaniuliza mimi! Nikainamia sahani, huku nadondosha maikrolita 100 kisima kwa kisima, nikamrudisha Abu Dhabi, nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu: Kabangu anafunga, Kaluyituka anafunga, Internacional ya Brazili chali 2-0, kipa wetu Kidiaba anarukaruka kwa makalio. Bao la pili nililipigia "Pwaaa!" juu kabisa ya visima vitupu, vile visivyo na sampuli, ambavyo vinatakiwa vibaki kama maji.

Tukaosha, tukaweka kingamwili ya pili, tukaosha tena, tukatia dawa ya rangi, inayogeuka buluu penye amilasi. Sampuli zikawa buluu, sawa. Visima vitupu navyo vikawa buluu, tena vikawapita wenzao! Nikatia asidi ya kusimamisha, vyote vikageuka njano.

Buluu, halafu njano. Yaya alianza kucheka kabla sijaelewa: rangi za Lupopo.

Shefu akaitazama sahani, akanitazama kidevu. "Papa, hii amilasi ni ya mgonjwa gani?"

Nikapandisha barakoa. Nimekumbuka shuka kumekucha.

Bahati nzuri, visima vya seti ile huchomoka vinane vinane, na safu nne zilikuwa bado kwenye friji. Kesho yake nikarudia, barakoa mbili, kimya kabisa. Nilipofika kwenye visima vitupu, Yaya akasogeza kiti.

"Lakini fainali, na Inter Milan, ilikuwa ngapi vile?"

Tulifungwa 3-0, na anajua. Nikaendelea kudondosha.