Gari lisilokamilika: Toyota imetudharau au imetuelewa?

Mwisho wa Oktoba 2025, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, yale ambayo tangu 2023 yanaitwa Japan Mobility Show, Toyota ilionyesha gari ambalo ungelikuta pembeni ya Barabara ya Mandela ungesema limeshachinjwa na spea zake zimekwenda kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam. Halina milango, halina paa, halina kioo cha mbele. Kuna bapa juu ya tairi nne, usukani, na kiti cha dereva kilicho wazi kama cha trekta. Linaitwa IMV Origin. Rais wa Toyota wa wakati huo, Koji Sato, alieleza kwamba ndivyo lilivyokusudiwa: litoke kiwandani likiwa halijakamilika, likaunganishwe na kumaliziwa huko liendako, na mwenyewe aendelee kulibadilisha kadiri kazi zake zinavyobadilika. Waliofikiriwa zaidi ni watu wa vijijini, Afrika tukiwamo.

Unaweza kuisikia hasira kabla mtu hajafungua mdomo. Kwenye maonyesho hayohayo kulikuwa na Century ya rangi ya machungwa yenye milango ya kuteleza, gari la wakubwa wa Japani lililogeuzwa coupé, umbo la gari la kimichezo. Kulikuwa na Lexus LS ya majaribio yenye tairi sita, nne za nyuma zikiwa ndogo ili abiria apate nafasi zaidi (atakayepata pancha nayo Kibaigwa, Mungu amsaidie). Kulikuwa na Corolla mpya ya mfano, pua imechongoka, haifanani hata chembe na Corolla aliyofundishiwa udereva baba yako. Wengine wote wanaonyeshwa kesho, sisi tunaonyeshwa chesisi. Mwenye kusema tumedharauliwa hajakosa pa kuanzia.

Ila mimi nimelitazama gari hilo mara nyingi, na kila nikilitazama naona kitu ambacho tayari tunakifanya. Lori linaingia nchini likiwa kichwa na chesisi, bodi linachomelewa hapa. Hiace inafika ikiwa ya mizigo, wiki mbili baadaye ina viti, vioo vya pembeni na maandishi nyuma. Pikipiki inatolewa tairi ya nyuma, inawekewa ekseli na kitanda, inaitwa guta, inapeleka saruji Chanika. Gari la Kijapani likifika kwetu ndipo utengenezaji wake unapoanza awamu ya pili. Aliyelichora Origin, awe alijua au hakujua, amechora gereji zetu.

Tena si mara ya kwanza kwa Toyota kwenda njia hii. Mwaka 1977 huko Indonesia walitoa Kijang, gari la kazi lenye bodi la mabati yaliyokunjwa kama kasha, milango yake haina vioo. Hakuna aliyelisifia uzuri. Lakini lilitengenezeka palepale, likarekebishika palepale, likakua kizazi baada ya kizazi hadi likawa Innova, gari la familia linaloheshimika. Karibuni zaidi kuna Hilux Champ, ambayo ilipita kwenye maonyesho ya Tokyo ya 2023 ikiitwa IMV 0, na mwezi uliofuata ikaanza kuuzwa Thailand kwa bei ya kuanzia baht 459,000. Ile ina kabini, lakini kitanda chake cha nyuma ni bapa lenye matundu ya bolti yaliyotobolewa tayari, ili fundi wa mtaani afunge anachotaka: genge la chakula, tangi la maji, gari la wagonjwa. Kwa hiyo anayesema Origin ni mzaha wa jukwaani tu ajue kwamba nduguye mkubwa yuko barabarani.

Upande wa pili nao una ushahidi, na uko karibu zaidi na nyumbani. Kenya waliwahi kuwa na Mobius, gari lililobuniwa mahususi kwa barabara mbovu za Afrika. Toleo la kwanza waliloliuza lilikuwa limevuliwa karibu kila kitu ambacho mbunifu aliona si lazima, hata kiyoyozi. Lilikuwa gumu na la kweli, na lilikuwa jipya. Matoleo ya baadaye yakaanza kurudishiwa starehe moja baada ya nyingine, jambo ambalo peke yake ni jibu la wateja. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufunga, ikitaja madeni na kodi. Baadaye alijitokeza mnunuzi, lakini somo la sokoni lilikuwa limeshaandikwa.

Somo lenyewe ni hili: Mwafrika hanunui gari jipya lililopunguzwa akilinganisha na gari jipya lililokamilika. Analinganisha na mtumba. Ukimpa bapa lenye usukani, kwa bei yoyote ile, kichwani mwake kuna Probox ya mwaka 2016 yenye paa, redio, kiyoyozi na heater asiyoihitaji. Mwenye biashara ya mizigo atakuambia ana kirikuu. Kule Japani kigari kile cha Suzuki kinaruhusiwa kubeba kilo 350. Hapa Mbagala sijawahi kuona kilo 350 zikipakiwa, naona viroba vinahesabiwa mpaka springi zikinyooka. Hicho ndicho Origin litakachopimwa nacho, na kirikuu kinafika bandarini kikiwa na kabini yake.

Halafu kuna suala ambalo wachoraji hawalipendi: kadi ya gari. Kabini niliyochomelea mimi na fundi wangu ni nani ataikagua? Bima watalikata gari hilo kama nini? Likipinduka na dereva akaumia, aliyekosea ni kiwanda kilichotoa bapa, au fundi aliyeweka mabomba ya inchi moja na nusu badala ya mbili? Viwanda vya kuunganisha magari tunavyo, Mombasa wanaunganisha, Kibaha wanaunganisha malori, na ushuru wa vipande vya kuunganishwa ni nafuu kuliko wa gari zima. Lakini huko kuna jigi za kushikia vipande, vipimo na mkaguzi. Kuunganisha kijijini, chini ya mwembe, ni shughuli nyingine kabisa. Toyota imeonyesha gari, haijaonyesha mfumo wa kulibeba, na hapo ndipo imani yangu kwa Origin inapopungua.

Gari la maonyesho yale lililonishika mimi ni jingine, ingawa halina mbwembwe za Origin. Ni Land Cruiser FJ, lililofunuliwa siku chache kabla milango haijafunguliwa. Limekaa kama dadu, urefu mita 4.575, umbali kati ya ekseli ni mita 2.58, yaani sentimita 27 pungufu ya Land Cruiser 250. Wanaolipinga wanaanzia kwenye injini: petroli ya lita 2.7, ile ile 2TR, farasi 163, giaboksi otomatiki ya hatua sita. Hakuna dizeli, hakuna haibridi. Kwa bei za mafuta za sasa na kwa mwaka 2025, wanasema, hii ni injini ya jana ndani ya shati la leo.

Ni kweli inakunywa. Lakini muulize fundi yeyote kati ya Mwanza na Malindi kama anaijua 2TR. Ameifungua kwenye Prado, kwenye Hilux, kwenye Hiace. Spea zake, mpya na za kukata, ziko Gerezani na ziko Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi. Injini ambayo mhariri wa Ulaya anaihesabu kama aibu, hapa ni sababu ya gari kushika bei. Na kwa kuwa FJ linatengenezwa Thailand, wanakoendesha upande wetu wa barabara, usukani wa kulia si nyongeza ya kuomba.

Kitu kidogo kilichonivutia kuliko vyote ni bampa. Bampa la FJ, mbele na nyuma, limegawanywa vipande: kona zake zinafunguka peke yake. Ukigongwa kona, unabadilisha kona. Ukisoma hilo haraka unaweza kuliruka. Mimi sikuliruka, kwa sababu nilikuwa nimetoka kukaa saa tatu kwenye benchi la gereji Tabata nikimwangalia fundi bodi akishona bampa la Harrier yangu.

Ndiyo, kushona. Ni Harrier tako la nyani, si anaconda, kama mtaa unavyoyaita matoleo yake, na bodaboda alikuwa amelibusu kona ya kushoto ufa ukakimbia hadi kwenye taa ya ukungu. Fundi akawasha jiko, akachomeka msumari kwenye makaa, akatoboa vitundu pande mbili za ufa kama anayetoboa mkanda. Akapitisha waya wa shaba, akaukaza kwa koleo, kitundu baada ya kitundu, mpaka midomo ya ufa ikakutana. Ndani akayeyushia plastiki ya ndoo kuukuu, nje akapaka puti, msasa, rangi. Ukisimama mbali huoni. Ukisogea, unaona mshono kama wa mtu aliyefanyiwa upasuaji. Bampa zima la mtumba lilikuwepo dukani, lakini lilikuwa la rangi ya maziwa, gari langu jeusi, na bei ilikuwa ya kulia nayo. Kona ndiyo iliyoumia, nauziwa uso mzima.

Anayebishania sura za magari mapya hukaa sana kwenye uso: taa kali, taa za duara, grili kubwa, grili hakuna. Hata FJ limeonyeshwa na sura ya pili ya taa za duara kwa wanaotaka harufu ya zamani, na ni kweli linapendeza zaidi hivyo. Lakini ubunifu unaotufikia sisi ni ule wa miaka minane baadaye. Kenya hairuhusu mtumba uliozidi umri huo, na Tanzania gari likizidi miaka hiyo unaongezewa kodi ya uchakavu, hivyo macho ya waagizaji yanazunguka hapohapo. Mchoraji wa Tokyo anapoamua leo kwamba taa, indiketa na kamera viwe kitu kimoja kilichofungwa gundi, bili yake inalipwa Ubungo, na mtu ambaye leo labda yuko darasa la sita.

Mfano tunao kwenye dashibodi. Redio za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani zilikuwa zikikamata FM kuanzia 76 hadi 90, kwa sababu stesheni zao ziko huko. Zetu nyingi ziko juu ya 90. Kizazi kizima cha madereva kimenunua kikopo cha kuongeza masafa ili wasikie taarifa ya habari ndani ya gari lao wenyewe, na skrini bado inawasalimu kwa Kijapani na kuwadai kadi ya ramani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hatukuwa akilini, basi.

Na hapo, kwa haki, Origin linadai sifa yake. Kwa mara moja tulikuwa akilini kabla gari halijachorwa, badala ya kuja kulikuta limeshachakaa. Nikiambiwa nichague kosa, nachagua la mtu aliyenifikiria akakosea kipimo, kuliko la asiyenifikiria kabisa. Ninachobisha ni kudhani kwamba kufikiriwa maana yake ni kupunguziwa. FJ halikupunguzwa. Lina paa lake, lina viti vyake, na bado fundi wa Tabata anaweza kulifungua kipande kimoja bila kubomoa kingine.

Nilimwonyesha fundi picha ya Origin kwenye simu wakati puti inakauka. Nilitarajia acheke. Akaikuza kwa vidole viwili, akatazama chini ya kiti, akatazama pale bapa linapokutana na sehemu ya mbele.

"Hili wanaliuza na kadi?"

Nikamwambia sijui, ni la maonyesho.

"Basi likija na kadi nipigie. Kabini nitatengeneza." Akanirudishia simu ikiwa na alama ya kidole cha puti, akachukua msasa. Halafu nikamwonyesha bampa la FJ. Akalitazama kwa muda mrefu zaidi, akaniuliza litaanza kuuzwa lini. Nikamwambia Japani ni katikati ya 2026, kwetu kama mtumba hesabia 2033 au 2034.

"Waya wa shaba utakuwa bei gani wakati huo," akasema, akarudi kwenye kona yangu.