Askari aliuliza kibali, sheria inataka taarifa

Msimu wa viazi uliopita nilisimama na kina mama kumi na wawili nje ya ofisi moja ya serikali huku kwetu nyanda za juu. Ukungu ulikuwa haujapanda, kila mtu na sweta lake na kitenge juu. Bango lilikuwa moja tu, kipande cha boksi la mafuta ya kula kilichoandikwa kwa mkaa: LUMBESA IMETUCHOSHA. Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini shambani mnunuzi analijaza, anashonea kichwa juu yake, halafu bei inabaki ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa.

Hawakuziba lango. Walisimama kando ya mtaro, magari ya wakubwa yakaingia na kutoka bila kupiga hata honi. Nusu saa haijaisha akaja askari.

"Shikamooni mama zangu. Kibali kiko wapi?"

"Marahaba baba. Kibali cha nini?"

"Cha kusimama hapa."

Hakuna aliyebisha. Mwenye bango alilikunja, akaenda kulikalia pale kituoni akisubiri gari la kurudi kijijini.

Neno hilo, kibali, limenikaa kooni hadi leo. Mwaka 1993 Christopher Mtikila, mchungaji na mwanasiasa mzaliwa wa Ludewa, yaani mtu wa huku huku kwetu, alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma, na Jaji Lugakingira akaamua kwamba kumlazimisha mwananchi aombe kibali cha kukusanyika kunaua haki aliyopewa na ibara ya 20 ya Katiba. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kinadai taarifa: unamwandikia mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, unataja mahali, muda na sababu. Basi. Husubiri akujibu ndiyo. Akiona hatari, ni juu yake kukupa katazo. Na ukilipinga katazo hilo unakata rufaa kwa waziri, jambo ambalo mimi naliona ni kosa kubwa. Rufaa ya namna hiyo ingeenda kwa hakimu, tena isikilizwe siku hiyo hiyo.

Nakiri kina mama wale hawakuwa wamepeleka taarifa yoyote. Lakini askari naye hakuuliza taarifa.

Sipingi mipaka. Ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu, na mimi mwenyewe sitaki mtu apige spika nje ya wodi au mahakama inapoendelea na kesi, wala avamie ofisi ya watu. Sheria iniambie nisimame wapi na saa ngapi, nitatii. Nilichoandika kwenye boksi isikiguse, alimradi simtukani mtu wala sichochei fujo. Na mahali penyewe pasiwe kiwanja cha mpira nje ya mji. Habari ya lumbesa inaamuliwa ndani ya ofisi ile. Nikiisemea porini nani atanisikia?

Wengine watasema kina mama ni waoga. Hawajui wanachokumbuka watu wa huku. Tarehe 2 Septemba 2012, Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi akiwa kazini, siku ya ufunguzi wa ofisi ya chama. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela kwa kifo hicho. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Agosti 2024, hapa hapa Mbeya, polisi walipiga marufuku mkutano wa vijana wa Chadema na kuwakamata viongozi, Freeman Mbowe na Tundu Lissu wakiwemo. Mama aliyeyaona hayo yote akiambiwa "ondoka", anaondoka.

Juzi mwenye bango alinipigia simu kuniuliza barua ya taarifa inaandikwaje. Nimemwandikia kwa mkono, ukurasa mmoja: mahali, saa, sababu. Ataipeleka kituo cha polisi Jumatatu asubuhi pamoja na nakala, na nimemsisitiza asitoke pale mpaka nakala yake igongwe muhuri.