Glaida Angani, Saa Mkononi

Kwenye F5J, mashindano ya kuelea muda mrefu angani, rubani wa glaida ya rimoti (ndege ndogo inayoelea kwa mabawa, anayeiongoza akiwa chini) huruhusiwa kuwasha mota ya umeme kwa sekunde 30 tu, kisha anaizima na kubaki na mabawa yake. Kidude kilichofungwa ndani ya ndege kinarekodi kimo. Kila mita inamkata nusu pointi hadi mita 200, na kila mita ya juu ya hapo inamkata pointi 3. Anayejiamini huzima mota mapema, mita 60 hivi, akatafute mwenyewe hewa ya moto inayopanda. Akiikosa, ndege imefika chini kabla hajameza mate.

Naanza na sheria hiyo kwa sababu kwenye klabu za Marekani na Uingereza kuna malalamiko yasiyokwisha kwamba mashindano yameua raha ya glaida. Mchezo huu, wanasema, ni wa utulivu: kiti cha kukunja, chupa ya chai, ndege inayozunguka bila kelele, na mwewe anayekuonyesha hewa inapanda wapi. Mwenye kuruka hivyo hadaiwi chochote na mtu. Sasa mlete mshika saa, mlete karatasi ya pointi, na yule aliyekuja kupumzika anajikuta kwenye mtihani.

Hoja yao ya pesa siwezi kuipuuza. Ndege ya ushindani siku hizi ni ya kaboni, mabawa yake yanakaribia mita 4, na bei yake inaweza kupita dola 1,500 kabla hujanunua rimoti. Kijana anayefika uwanjani na glaida yake ya povu gumu akaona safu ya ndege za namna hiyo anaweza kudhani amekosea njia. Tena kuna jambo ambalo washindani hawapendi kulisikia: baadhi ya wasomaji wazuri wa hewa hawajawahi kushindana. Wamekaa miaka wakitazama ndege wa porini na majani yanavyotikisika, si saa.

Hata hivyo, mimi naegemea upande wa mashindano, na sababu yangu kubwa ni mrusho wa kisahani. Zamani glaida ya mkononi ilirushwa kama mkuki, ikapanda kidogo tu. Wapenda mashindano wakatafuta namna ya kuishika kwenye ncha ya bawa, kujizungusha mzima kama mtupa kisahani, na kuiachia. Leo warushaji hodari wanapita mita 60 kwa nguvu ya mwili wao, na ndege yenyewe, kwa kanuni za F3K, mashindano ya glaida za kurushwa kwa mkono, haizidi mita 1.5 ya mabawa wala gramu 600. Aliyenufaika zaidi ni nani? Ni huyo huyo mpenda utulivu, anayeruka peke yake jioni kwenye uwanja wa shule, bila winchi wala kamba ya kuivuta juu, bila mota. Raha yake ilitengenezwa na watu waliokuwa wanagombea sekunde.

Na kutua. Kwenye F5J, kutua ndani ya mita moja ya alama ni pointi 50, na zinapungua kadiri unavyokwenda mbali. Asiye na alama huita kutua kwema kule ambako hakujavunja kitu. Anaweza kurudia kosa moja miaka kumi na asijue.

Wapo waliojaribu kuziunganisha pande hizi. League of Silent Flight, chama cha warusha glaida kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969, ina ngazi tano ambazo mtu huzipanda kwa mwendo wake. Ya tano inadai, pamoja na mengine, kuelea kwa muda wa saa 2 kwenye hewa ya moto na muda wa saa 8 kwenye upepo wa mlimani. (Saa 8 umesimama, rimoti mkononi, habari za choo tuziache.) Hapo unapimwa na anga, si na jirani. Lakini hata waanzilishi wake hawakuyaacha mashindano nje: mwenye kutaka ngazi za juu lazima akapambane na wenzake pia. Kwa upande wa pesa ipo F3L, glaida za mbao zenye mabawa yasiyozidi mita 2, zinazovutwa juu kwa mpira na kamba. Hizo mtu anaweza kuziunda mezani kwake.

Ninavyoona, kinachogombaniwa hasa ni Jumamosi. Uwanja ni mmoja, upepo mzuri ni mmoja, na kamba za mashindano zikishatandazwa, mzee mwenye kiti chake anaambiwa asubiri mpaka alasiri, wakati hewa ya moto imeshaanza kufa. Huyo mzee analipa ada sawa na bingwa. Klabu inayopanga mashindano yake Jumapili moja kwa mwezi, ikamwomba yeye ashike saa siku hiyo na kumwachia uwanja siku zilizobaki, haitamsikia akilalamikia pointi.